Nusu pointi iliyoipa Afrika taji: Yote kuhusu shindano la Mtu Mwenye Nguvu Zaidi Duniani

Mei 18, 2025, mjini Sacramento, Marekani, mhandisi wa umeme kutoka Afrika Kusini alimaliza kazi ambayo wababe wa bara hili walikuwa wameikosa tangu mwaka 1977. Rayno Nel alitwaa taji la World's Strongest Man, yaani Mtu Mwenye Nguvu Zaidi Duniani, na kuwa Mwafrika wa kwanza kufanya hivyo.

Alipata pointi 47. Aliyemfuata, Tom Stoltman wa Uskoti, alipata 46.5.

Ndiyo, nusu pointi. Siku nne za kubeba mawe, kuvuta vyuma na kukimbia na mizigo, halafu tofauti ya bingwa na wa pili inakuwa ndogo hivyo. Wengi walioona matokeo mtandaoni walijiuliza: hiyo nusu inatoka wapi? Na inakuwaje mtu aliyebeba mzigo mzito kuliko wote anaweza kuondoka bila taji?

Haya hapa majibu, pamoja na matokeo ya miaka 10 ya karibuni.

Kwa kifupi

- Shindano lilianza mwaka 1977 huko California, Marekani.
- Limefanyika mara 48 hadi mwaka 2025. Mwaka 1987 pekee halikufanyika.
- Mwenye mataji mengi zaidi ni Mariusz Pudzianowski wa Poland: 5.
- Nchi yenye mataji mengi zaidi ni Marekani: 12.
- Afrika imewahi kuwa mwenyeji mara 9, lakini taji lake la kwanza limepatikana Marekani.

Rayno Nel ni nani?

Ni mtoto wa Bondeni mwenye umri wa miaka 30 wakati anashinda. Kitaaluma ni mhandisi wa umeme, na kabla ya kuhamia kwenye mawe na vyuma alicheza raga.

Kilichowashangaza watu sio utaifa wake tu. Mwaka 2025 ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kushiriki. Kwa kawaida mgeni huja kujifunza. Mitchell Hooper wa Canada, ambaye leo anahesabiwa miongoni mwa wakali wa mchezo huu, alipokuja mara ya kwanza mwaka 2022 alishika nafasi ya 8. Taji alilichukua mwaka uliofuata.

Nel hakusubiri. Kwenye fainali yake ya kwanza aliwakuta Stoltman, bingwa mara tatu, na huyohuyo Hooper, bingwa wa 2023. Wote wawili aliwaacha nyuma: Stoltman wa pili, Hooper wa tatu.

Nusu pointi inatoka wapi?

Hapa ndipo wengi wanapochanganyikiwa. Shindano hili halipimi nani amebeba kilo nyingi zaidi kwa ujumla. Linapima nafasi.

Fainali ina watu 10, na kuna mizunguko kadhaa ya kazi tofauti. Katika kila mzunguko, wa kwanza anapata pointi 10, wa pili 9, wa tatu 8, inashuka hivyo hadi wa mwisho anayepata 1. Ukishindwa kabisa kufanya kazi uliyopewa, unaondoka na sifuri.

Maana yake ni kwamba ukishinda mzunguko kwa tofauti ya sekunde 1 au kwa tofauti ya sekunde 20, pointi ni zilezile. Hakuna bonasi ya kumwacha mwenzako mbali.

Sasa nusu. Watu wakifungana, wanagawana pointi za nafasi walizozikalia. Chukua mfano wa jamaa wawili waliofungana kwenye nafasi ya tatu. Nafasi ya tatu ina pointi 8 na ya nne ina 7. Jumla 15, wanagawana, kila mmoja anapata 7.5. Basi. Nusu imezaliwa.

Kufungana hutokea zaidi kwenye kazi za kuhesabu marudio, kwa mfano kunyanyua chuma kilekile mara nyingi uwezavyo ndani ya dakika moja. Wawili wakiishia mara 7, wamefungana. Kwenye kazi za muda ni nadra, kwa sababu saa inahesabu hadi vipande vya sekunde.

Sasa rudi Sacramento. Kama Stoltman angepanda nafasi moja tu juu, kwenye mzunguko wowote ule, angefikisha pointi 47.5 na taji la nne lingekuwa lake. Jiwe moja kuwahi kutua, mkono kuvumilia kidogo zaidi, rudio moja la ziada. Ndiyo maana mchezaji anayeshika nafasi ya sita kwenye kazi asiyoiweza hupigania hiyo nafasi ya sita kama fainali. Pointi hiyo ndiyo inayoweza kumrudia mwishoni.

Sio mara ya kwanza

Historia ya shindano hili imejaa hesabu za namna hii, na mtu mmoja anazijua vizuri kuliko wengi: Hafþór Júlíus Björnsson wa Iceland, ambaye mashabiki wa tamthilia ya Game of Thrones wanamfahamu kama The Mountain.

Mwaka 2014 alilikosa taji kwa nusu pointi mbele ya Žydrūnas Savickas wa Lithuania. Mwaka 2017 akalikosa kwa pointi moja mbele ya Muingereza Eddie Hall, huko Gaborone, Botswana. Ile ya Gaborone ilizua maneno, kwa sababu kwenye mzunguko wa kusukuma uzito juu ya kichwa waamuzi hawakumhesabia rudio moja aliloamini ni halali. Rudio moja, pointi moja, taji moja. Alilalamika hadharani, lakini matokeo yalibaki.

Björnsson alimaliza ndani ya tatu bora miaka 8 mfululizo, kuanzia 2012 hadi 2019. Katika miaka yote hiyo alishinda mara moja tu, 2018.

Kutoka 25 hadi 10

Kabla ya fainali kuna mchujo, nao hauna huruma.

Washiriki 25 wanagawanywa kwenye makundi 5 ya watu 5. Kila kundi linapiga kazi zake, pointi zinahesabiwa kwa mtindo uleule. Anayeongoza kundi anakwenda fainali moja kwa moja.

Wa pili na wa tatu wanabaki na mtihani mmoja: jiwe. Wanasimama ana kwa ana, wanapokezana kulipitisha jiwe zito la mviringo juu ya nondo iliyolazwa. Huyu anapitisha, yule anapitisha. Atakayeshindwa kwanza anafungasha virago. Anayebaki anaungana na kiongozi wa kundi. Ndiyo jinsi 10 wanavyopatikana.

Kwa hiyo kuna watu wanaofanya mazoezi mwaka mzima, wanasafiri kutoka bara lingine, halafu safari inaishia kwenye jiwe moja.

Kazi zenyewe ni zipi?

Orodha hubadilika kila mwaka, na hiyo ni makusudi: mtu asijiandae kwa kitu kimoja tu. Lakini kuna kazi ambazo hurudi mara kwa mara.

*Mawe ya Atlas.* Ndiyo alama ya mchezo huu na mara nyingi hufunga fainali. Ni mawe ya mviringo ya zege, kwa kawaida 5, kila moja zito kuliko lililotangulia. Unalikumbatia, unalipandisha mapajani, kisha unalitua juu ya jukwaa. Wachezaji hupaka ulimbo mikononi ili jiwe lisiteleze. Stoltman anaitwa Mfalme wa Mawe, na mwaka 2020 alipitisha jiwe la kilo 286 juu ya nondo.

*Dedilifti.* Kunyanyua chuma kutoka sakafuni hadi usimame wima. Inaweza kuwa ya uzito wa juu kabisa au ya marudio mengi. Wakati mwingine badala ya chuma inawekwa gari zima.

*Gogo.* Gogo la chuma au la mti lenye vishikio ndani. Unalitoa chini, unalipandisha kifuani, unalisukuma juu ya kichwa hadi mikono inyooke.

*Kutembea na mizigo.* Mzigo mmoja kila mkono, unakimbia nao. Miguu ina nguvu, lakini vidole ndivyo huachia kwanza.

*Nira.* Fremu kubwa ya chuma inayokaa mabegani. Unainyanyua na kukimbia nayo bila kuyumba.

*Kuvuta gari.* Lori, basi, hata ndege. Mchezaji anafungwa mkanda mwilini na kuvuta kwa miguu na kamba.

*Nguzo za Hercules.* Unasimama katikati ya nguzo mbili zinazotaka kuangukia nje, unazishika zisianguke. Hakuna kunyanyua, hakuna kukimbia. Ni kuvumilia maumivu tu, na saa inahesabu.

*Jiwe la Húsafell.* Asili yake ni jiwe halisi la kilo 186 lililoko kijiji cha Húsafell, Iceland, ambalo kwa vizazi vingi vijana wamelitumia kupimana ubavu. Kwenye mashindano unalikumbatia kifuani na kutembea nalo hadi uishiwe pumzi.

Ukiangalia vizuri, utaona kazi hizi zinagombana. Mwili mzito unasaidia kuvuta lori, lakini unakuchosha ukikimbia na nira. Mikono mirefu inasaidia kukumbatia jiwe, lakini gogo linakuwa na safari ndefu kwenda juu. Hakuna binadamu aliyeumbwa kwa kazi zote. Bingwa ni yule mwenye udhaifu mdogo kuliko wenzake.

Rekodi ni kitu kimoja, taji ni kingine

Mfano mzuri ni Eddie Hall. Julai 9, 2016, mjini Leeds, Uingereza, alikuwa binadamu wa kwanza kunyanyua kilo 500 kwenye dedilifti. Hiyo ni sawa na mifuko 10 ya saruji kwa mpigo mmoja. Damu ilimtoka puani na baadaye alieleza kuwa alipoteza uwezo wa kuona kwa muda.

Mwezi uliofuata alikwenda Kasane, Botswana, kwenye World's Strongest Man. Akamaliza wa tatu.

Mwingine ni mwamba wa Burkina Faso, Cheick Ahmed al-Hassan Sanou, maarufu kama Iron Biby. Huyu alizaliwa Bobo-Dioulasso, na utotoni alikuwa akitaniwa shuleni kwa unene wake. Septemba 2021, mjini Glasgow, alisukuma gogo la kilo 229 juu ya kichwa na kuivunja rekodi ya dunia ya Savickas iliyokuwa kilo 228. Kwa gogo, ulimwengu mzima ulikuwa chini yake. Lakini taji la Mtu Mwenye Nguvu Zaidi Duniani hajawahi kulipata, kwa sababu gogo ni mzunguko mmoja tu na mzunguko mmoja una pointi 10 tu.

Na Björnsson? Mei 2020, akiwa kwao Iceland, aliipandisha rekodi ya dedilifti hadi kilo 501. Julai 2025 akafanya 505 nchini Ujerumani, na Septemba mwaka huohuo akafika kilo 510 mjini Birmingham, Uingereza. Hakuna aliyenyanyua zaidi yake. Kabatini ana taji moja la World's Strongest Man.

Kwa hiyo ukisikia mtu anabisha kwamba bingwa hastahili kwa sababu fulani ananyanyua zaidi, jibu ni hilo: shindano halimtafuti mwenye rekodi. Linamtafuta anayeanguka mara chache.

Ilianzaje?

Mwaka 1977, Universal Studios, California. Wazo lilikuwa la televisheni: wakusanye wababe kutoka michezo tofauti, wanyanyua vyuma, watunisha misuli, wachezaji wa mpira wa Kimarekani, kisha wape kazi za ajabu uone nani atabaki amesimama. Bruce Wilhelm wa Marekani alishinda, na akashinda tena mwaka uliofuata.

Mwanzo ule ulikuwa na vituko na hatari. Moja ya kazi ilikuwa kukimbia ukiwa umebeba friji mgongoni. Franco Columbu, mtunisha misuli maarufu kutoka Italia, alianguka nayo na kuumia vibaya mguu. Picha zile bado zinaogopesha hadi leo.

Marekani ilitawala miaka sita ya mwanzo. Halafu ikaja miaka ya Geoff Capes wa Uingereza na Jón Páll Sigmarsson wa Iceland, waliopokezana taji kuanzia 1983 hadi 1986. Capes alikuwa mrusha tufe wa kimataifa aliyewahi kuwa polisi, na pembeni alikuwa anafuga kasuku wadogo.

Jón Páll alimaliza na mataji 4. Mwenzake Magnús Ver Magnússon naye akachukua 4. Ukiongeza lile la Björnsson, Iceland ina mataji 9. Kumbuka nchi hiyo ina watu chini ya laki nne.

Baadaye ukaja wakati wa Mariusz Pudzianowski. Mpolandi huyu alishinda 2002, 2003, 2005, 2007 na 2008. Hakuwa mrefu wala mzito kuliko wote, lakini alikuwa na kasi, na alikuwa haachi kazi yoyote ikamshinda. Rekodi yake ya mataji 5 bado haijavunjwa. Savickas na Mmarekani Brian Shaw waliikaribia, kila mmoja akaishia 4.

Afrika: mwenyeji mwema, mkono mtupu

Hili wengi hawalijui. Kabla ya Nel, shindano hili lilikuwa limeshafanyika katika ardhi ya Afrika mara 9:

- 1994: Sun City, Afrika Kusini
- 1996: Mauritius
- 1998: Tangier, Morocco
- 2000: Sun City, Afrika Kusini
- 2001: Maporomoko ya Victoria, Zambia
- 2003: Maporomoko ya Victoria, Zambia
- 2010: Sun City, Afrika Kusini
- 2016: Kasane, Botswana
- 2017: Gaborone, Botswana

Mara zote hizo wageni walikuja, wakabeba mawe kwenye jua letu, wakaondoka na kombe. Kuanzia 1977 hadi 2024 kila bingwa alitoka Ulaya au Amerika Kaskazini.

Aliyekaribia zaidi alikuwa Gerrit Badenhorst, naye wa Afrika Kusini. Mwaka 1995, huko Bahamas, alimaliza wa pili nyuma ya Magnús Ver Magnússon. Ilichukua miaka 30 kamili kutoka nafasi ile ya pili hadi nafasi ya kwanza ya Nel.

Matokeo ya miaka 10: tatu bora

2016, Kasane: 1. Brian Shaw (Marekani) 2. Hafþór Júlíus Björnsson (Iceland) 3. Eddie Hall (Uingereza)

2017, Gaborone: 1. Eddie Hall 2. Hafþór Júlíus Björnsson 3. Brian Shaw

2018, Manila: 1. Hafþór Júlíus Björnsson 2. Mateusz Kieliszkowski (Poland) 3. Brian Shaw

2019, Bradenton: 1. Martins Licis (Marekani) 2. Mateusz Kieliszkowski 3. Hafþór Júlíus Björnsson

2020, Bradenton: 1. Oleksii Novikov (Ukraine) 2. Tom Stoltman (Uingereza) 3. Jean-François Caron (Canada)

2021, Sacramento: 1. Tom Stoltman 2. Brian Shaw 3. Maxime Boudreault (Canada)

2022, Sacramento: 1. Tom Stoltman 2. Martins Licis 3. Oleksii Novikov

2023, Myrtle Beach: 1. Mitchell Hooper (Canada) 2. Tom Stoltman 3. Oleksii Novikov

2024, Myrtle Beach: 1. Tom Stoltman 2. Mitchell Hooper 3. Evan Singleton (Marekani)

2025, Sacramento: 1. Rayno Nel (Afrika Kusini) 2. Tom Stoltman 3. Mitchell Hooper

Kwenye matokeo rasmi Stoltman huhesabiwa upande wa Uingereza, lakini kwao ni Invergordon, Uskoti. Ukimfuatilia kwenye orodha hii utaona kitu: tangu 2020 hajashuka chini ya nafasi ya pili. Miaka sita, mataji matatu na nafasi ya pili mara tatu. Ni mtu ambaye amesema wazi kuwa ana usonji, na kwamba hali hiyo humsaidia kuweka akili yake yote kwenye jambo moja. Huyo ndiye Nel aliyemshinda kwa nusu pointi.

Mataji kwa nchi, 1977 hadi 2025

- Marekani: 12
- Iceland: 9
- Uingereza: 8
- Poland: 5
- Lithuania: 4
- Finland: 3
- Ukraine: 2
- Uholanzi, Sweden, Norway, Canada na Afrika Kusini: 1 kila moja

Bei ya kuwa na nguvu hizi

Nguvu hizi zina gharama, na wachezaji wenyewe hawafichi.

Wengi wao wana uzito wa zaidi ya kilo 140. Brian Shaw, mwenye urefu wa zaidi ya mita 2, alifikia karibu kilo 200. Kuubeba mwili wa namna hiyo ni kazi hata ukiwa umekaa. Eddie Hall amewahi kueleza kuwa wakati anajiandaa alikuwa anakula zaidi ya kalori 10,000 kwa siku, na usiku alilala na mashine ya kumsaidia kupumua kwa sababu pumzi ilikuwa inakatika usingizini.

Ndiyo maana baada ya kutwaa taji la 2017 hakurudi kulitetea. Alisema afya yake isingevumilia, akapunguza uzito na kuhamia kwenye ulingo wa ngumi.

Kuna ambao hawakupata nafasi ya kupunguza. Jón Páll Sigmarsson, bingwa mara 4 aliyependwa kuliko wote wa enzi zake, alifariki Januari 1993 akiwa mazoezini. Ni moyo. Alikuwa na miaka 32.

Kwa kijana anayetazama video hizi na kutaka kujaribu, hilo ni la kukumbuka. Mawe ya Atlas hayaanzi na kilo 180. Yanaanza na mgongo ulionyooka, uzito mdogo na mtu anayejua kukuelekeza. Wanaodumu kwenye mchezo huu ni wale waliojenga polepole.

Nini kimebadilika baada ya Nel?

Sheria hazijabadilika. Pointi ni zilezile, mawe ni yaleyale, na Stoltman na Hooper bado wapo.

Kilichobadilika ni orodha ya mabingwa. Kwa miaka 48, kijana wa Kiafrika aliyeisoma kutoka juu hadi chini hakukuta hata jina moja la kwao. Sasa lipo, na mwenye jina hilo alikuwa mgeni kwenye shindano, alikuwa na taaluma nyingine kabisa, na hakuhitaji kuvunja rekodi yoyote ya dunia ili kulipata. Alichohitaji ni kutoanguka popote, halafu kumzidi mwenzake kwa nusu.